Upande wa Pili wa Shuka

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu mpendwa, Bi Mawingu,

Kwa heshima, taadhima na koo lililosafishwa mara mbili, nina furaha kukutangazia, wewe pamoja na watumishi wote wa kituo chako cha hali ya hewa, kwamba soksi yangu ya kijivu, ya mguu wa kushoto, iliyotoweka wiki mbili zilizopita katika mazingira ya kutatanisha, imepatikana ikiwa salama. Ilikuwa ndani ya birika la chai. Niliigundua nikiwa kwenye kikombe cha pili. Taarifa zaidi zitatolewa kadiri tumbo litakavyoruhusu.

Aliyeiweka ni mama, tena ameikunja vizuri kuliko nilivyowahi kukunja soksi maishani mwangu. Nilipomwonyesha aliitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Mtu mzima na soksi moja. Huoni haya?"

Simu ingekuwa inashika huko mlimani kwako ningekupigia tucheke wote. Basi itabidi ucheke peke yako, wiki mbili baadaye, gari la mahitaji likishafika.

Sasa niweke utani kando kidogo. Muuguzi wa mtaa alikuja Jumanne. Alisema vidonge vya mama vya kumbukumbu vinafanya vinachoweza, na yaliyobaki yako mikononi mwetu: siku iwe na ratiba ileile, atembee, chumba kiwe na mwanga, kelele zipungue. "Mpe kitu cha kufanya," aliniambia, "si kila mara kitu cha kumeza." Nikauliza kitu gani. Akasema, "Wewe ndiye mwanawe, utajua." Lo! Mimi kazi yangu kufundisha watu udereva. Nakaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, najifanya simwogopi mtu. Kwa mama sijui hata breki iko wapi.

Matroni wa Makao ya Wazee naye amesema kuna kitanda kimoja, ametuwekea hadi mwisho wa Mei. Fomu inataka saini ya watoto wote wawili. Ipo mezani. Nimeifunika na gazeti ili isinitazame.

Kaka yako mwenye soksi mbili,
Mwalimu wa Breki


Tarehe 19 Februari

Kaka,

Nimecheka hadi mpishi wa kituo akaja kuuliza kama nimepata habari mbaya. Huku hatuchekagi sana. Tunapima mvua.

Kuna daktari alipanda mlima mwezi uliopita kwa matembezi, akaniachia kijitabu. Kinasema mtu akianza kupoteza kumbukumbu, majina ya vitu yaandikwe kwa herufi kubwa na kuwekwa juu ya vitu vyenyewe. Mlangoni MLANGO, chooni CHOO, kwenye redio REDIO. Andika kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Usitumie gundi, utaharibu mbao, tumia pini. Pini zisiposhika, funga kwa uzi. Usifanye nusunusu kama kawaida yako. Vitu vyote.

Kuhusu fomu: mimi niko tayari kutia saini. Nitumie. Sisemi hivi kwa kuwa simpendi mama. Nasema kwa kuwa una miaka hamsini na mbili, umekonda, na ukikonda unazidisha mizaha. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mizaha mingi sana.

Je, ananiuliza?

Mdogo wako


Tarehe 7 Machi

Bi Mawingu, mshauri mkuu,

Nilifanya kama ulivyoagiza. Vitu vyote. Nilimaliza karatasi za mwezi mzima za shule ya udereva na pini za fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Nyumba ilipendeza kama duka la siku ya kwanza. Nikaenda kazini nikijisifu.

Niliporudi saa saba nilisikia maji. Nikakimbilia bafuni. Mama alikuwa amekunja mikono ya gauni hadi kwenye viwiko, amepiga magoti kando ya beseni la kuogea, na ndani ya beseni, ndugu yangu, ilikuwemo nyumba yetu. Mapazia, mito, taulo, kalenda, redio, saa ya ukutani. Saa ilisimama saa nne na dakika ishirini, Mungu aipumzishe. Picha yako ya kuhitimu ilikuwa inaelea kifudifudi. Alikuwa amevichambua: vya rangi huku, vyeupe kule. Picha ya marehemu baba, kwa sababu ya lile shati lake jeupe, iliwekwa kwa vyeupe. Mlango wa choo hakuweza kuubeba, kwa hiyo aliusugua palepale ulipo, mara nne, rangi ikatoka.

"Mama, unafanya nini?"

"Nauliza mimi," akasema, amekasirika kweli. "Mkaguzi wa leo ni nani? Amerudisha kila kitu!"

Nikasimama pale mlangoni, maji yananiingia viatuni. Unakumbuka? Unakumbuka kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali? Shuka likibaki na doa, mkaguzi alilibana kikaratasi kwa pini, na kikaratasi kilikuwa na maana moja tu: *rudia*. Miaka thelathini na moja mama alitii pini ile. Nasi tukapita nyumba nzima tukibana vikaratasi! Muuguzi angeweza kukosea hivyo, au daktari wako wa matembezi. Lakini sisi? Sisi tuliolelewa na mvuke ule?

Nilikaa kwenye ukingo wa beseni, nikamtazama. Nilikuwa nimezoea kusema mama amepotea. Hakuwa amepotea hata kidogo. Alikuwa kazini, na kazi aliijua yote, na mtu pekee asiyejua yuko wapi katika chumba kile nilikuwa mimi. Nilipata woga, ule wa kuingia mahali patakatifu umevaa viatu. Akaitoa picha ya baba, akaipangusa uso kwa kidole gumba polepole, akaniambia, "Huyu amechafuka sana, lakini atatoka."

Redio haijatoka.

Kaka yako


Tarehe 22 Machi

Kaka,

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya tatu nilitoka nje nikasimama kwenye baridi. Vile vikaratasi vilikuwa vinadondoka mfukoni mwa aproni yake kila alipoinama kutukumbatia. Mimi nilikuwa navikusanya kwenye kopo. Halafu mimi huyohuyo nikakwambia utumie pini.

Nina miaka tisa hapa, na kila asubuhi naona mawingu yakizaliwa chini yangu, kwenye bonde, pasipo na kitu. Hujui yanatoka wapi. Dakika moja hewa tupu, dakika ya pili mlima mweupe. Nilidhani nimeshaona yote ya kumnyamazisha mtu. Sasa nawaza hilo beseni.

Nisikilize. Acha maandishi. Mpe mashuka, makubwa, ya vitanda viwili. Mashuka yale hayakunjwi na mtu mmoja. Kule walikuwa wanasimama wawiliwawili siku nzima. Mpe upande mmoja, wewe shika wa pili.

Na unitumie ile fomu. Hujasema kitu kuhusu fomu. Wala hujajibu kama ananiuliza.

Mdogo wako


Tarehe 5 Aprili

Bi Mawingu,

Fomu hii hapa, usije ukasema naikalia. Samahani kwa mwandiko, kidole nimekibana mlangoni, hakuna cha kutisha.

Nimeazima mashuka manane kwa jirani fundi cherehani. Nilimpa mama upande mmoja nikashika wa pili, kama ulivyosema. Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ni mgeni?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi shika pembe. Si hapo. Pembe! Kidole gumba ndani."

Kwanza mnarudi nyuma mpaka shuka linakaza. Halafu anavuta mara mbili. Nilidhani mivuto yote miwili ni ya kunyoosha. Sivyo. Wa kwanza ni wa kunyoosha. Wa pili ni mdogo, hata jicho halioni, na ilinichukua siku nne kuuelewa: anakuuliza kama uko tayari. Ukivuta kidogo kumjibu, mnakunja. Usipojibu, anasubiri. Mama, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameniuliza mara sita leo ni siku gani, anasubiri bila wasiwasi, kichwa kimeinama, kama mtu mwenye wakati wote wa dunia. Halafu mnaendeana. Anazipokea pembe zako mkononi mwake bila kutazama, wewe unainama kuokota mkunjo wa chini, mnarudi nyuma tena. Nikimfikia karibu nasikia anapumua kwa kuhesabu.

Ndugu yangu, nimeishi na mwanamke huyu nusu karne, na sikujua kwamba anajua kuzungumza hivi. Siku nzima maneno yanamkwama, anaita kijiko "kile cha kitu." Lakini na shuka mkononi hakosi hata silabi. Mimi ndiye ninayebabaika. Juzi nilichanganya kulia na kushoto akanipiga kofi la vidoleni, akasema kwa upole, "Utajua tu. Hata mimi nilianza hivyohivyo."

Vinginevyo tuko salama. Tunatembea kila siku. Usiwe na wasiwasi.

Kaka yako, Mgeni


Tarehe 20 Aprili

Kaka,

Fundi cherehani ameniandikia. Ni mtu mwema na hakutaka kukuchongea, nimemwona anavyozunguka karatasi nzima kabla ya kusema. Anasema mlangoni kwako kuna kufuli kwa nje. Anasema asubuhi, ukiwa kazini, mama husimama dirishani akiwaita wapita njia, na watu wanainamisha vichwa wanapita.

Unamfungia mama ndani?

Usinijibu kwa mzaha. Fomu nimeitia saini, nairudisha humu. Nafasi yako iko chini ya yangu.

Mdogo wako


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Nimeipata. Leo sina utani. Nitakuandikia nikishajua la kuandika.

Kaka


Tarehe 17 Mei

Kaka,

Gari la mahitaji limekuja na unga, betri na mafuta ya taa. Barua ni ile yako ya sentensi tatu tu, nyingine hamna. Nimemuuliza dereva mara mbili, akanigeuzia mifuko.

Niliandika kwa hasira. Kukasirika ukiwa mlimani ni rahisi. Si mimi ninayekunywa chai ya soksi. Lakini nimekwisha kusaini, na sijui sasa hivi mama analala wapi. Hilo ndilo linalonitoa usingizini. Naandika kwenye daftari kila baada ya saa tatu: upepo, joto, unyevu. Nalijua anga la wilaya nzima. Mama yangu simjui yuko chini ya paa gani.

Niongezee hata mstari mmoja. Ukweli tu, hata ukiwa mbaya.

Mdogo wako


Tarehe 28 Mei

Mdogo wangu,

Nitakueleza yote kama yalivyokuwa, na nikianza kuchekesha ujue nimeogopa.

Ndiyo, nilimfungia. Wiki tano, kwa muda wa saa tatu kila asubuhi. Mwezi wa tatu alitoka peke yake, nikampata barabara kuu, magari yanampigia honi naye anayaonyesha kiganja yasubiri. Sikukwambia. Nilinunua kufuli siku hiyohiyo. Kidole nilikibana kwenye komeo, kwa haraka ya kutaka kufunga kabla hajaniuliza naenda wapi. Na zile habari za kutembea kila siku ni uongo. Tulitembea mara mbili.

Barua yako ilinifika asubuhi. Nikawaacha wanafunzi wangu wawili kwenye gari la shule nikarudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ya nyuma, nijionee mwenyewe. Alikuwa dirishani kweli. Amefunga pembe mbili za shuka kwenye komeo la dirisha, mbili nyingine anazo mkononi. Anavuta mara mbili, anasubiri. Halafu anamwita anayepita: "We mwanangu! Njoo ushike!" Watu walidhani anaomba kufunguliwa. Hakuwa anaomba kufunguliwa. Hata hakujua kuna kufuli. Alikuwa anatafuta wa kushika upande wa pili. Komeo lilikuwa halimjibu.

Nilifungua mlango nikashika. Tulikunja mashuka yote manane, nikayakunjua kwa siri, tukakunja tena. Jioni nikatia saini chini ya yako. Nilisema moyoni, huyu anahitaji mtu siku nzima, na mimi siko siku nzima. Hivyo tu. Sikulia, nilikuwa nimechoka.

Tarehe 12 nikampeleka Makao, na sanduku lake. Sikuwa nimemwambia tunakwenda wapi. Tulipokuwa tunamsubiri matroni kwenye korido, mama akanusa. Akainuka. Nikamfuata, korido mbili na ngazi tatu, hakuuliza njia, hadi chumba cha kufulia. Pale kulikuwa na mfanyakazi mmoja, mama mnene mwenye kilemba, anakunja shuka peke yake kwa kulitundika kwenye ndoano ya ukutani.

Mama akasimama mlangoni. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo tangu ile siku ya beseni.

"Nani kakuacha peke yako?" akamuuliza.

Yule akacheka. "Watu hatutoshi, bibi."

"Toa hapo kwenye ndoano."

Akatoa. Mama akashika. Akavuta mara mbili, na yule mama mwenye kilemba, ambaye hajawahi kumwona maishani, ambaye hakufundishwa na mtu yeyote ninayemjua, akavuta kidogo kumjibu.

Sikuweza kuondoka mlangoni. Mimi ilinichukua siku nne. Hawa walikuwa kama wamekunja pamoja tangu wasichana. Walikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, shuka linajaa hewa katikati yao, linatulia, linapungua, linakuwa kitabu. Wazee watatu walikuja wakaketi kwenye benchi kama waliokuja kusikiliza kitu. Mmoja alikuwa anasogeza vidole gumba vyake mapajani kila pembe zilipokutana. Matroni alifika na faili lake akasimama nyuma yangu akitazama. Lile rundo lilipoisha mama aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo muda mrefu, na uso wake, ndugu yangu, ulikuwa uso wake. Mzima. Nilikuwa nimeusahau. Unaona? Aliyesahau ni mimi.

Na akazungumza. Alimwambia yule mwenzake, bila mtu kumuuliza, "Nina binti yangu yuko juu sana. Anahesabu mvua." Sasa nakujibu ulichoniuliza mwezi wa pili. Hakuulizi. Nilikuwa siandiki kwa kukuhurumia. Lakini anajua uliko, tena kwa usahihi.

Nikamwambia, "Mama, mimi naondoka." Akanijibu bila kugeuka, "Nenda tu. Zamu yangu haijaisha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nililia mimi, uani, karibu na mapipa, na matroni akanitoa pale kwa kunishika mkono wa shati kama mtoto. Nikampa fomu. Akazisoma saini zetu, akaitia fomu kwenye faili. Halafu akasema kitanda kinaweza kwenda kwa mwingine mwenye shida zaidi, kuna mama anasubiri tangu mwaka jana. Fomu yetu ibaki kwenye faili, siku itakayotulazimu tutarudi. Kwa sasa nimlete saa mbili asubuhi, nimchukue saa kumi, ashinde nao. "Hatutamwita mgonjwa saa hizo," alisema. "Tuna mashuka mia mbili kwa wiki."

Kwa hiyo analala hapa, chini ya paa la nyumbani. Kufuli nimemrudishia muuza vyuma. Sikudanganyi kwamba ni raha tupu: Jumapili hatuendi, na Jumapili ni ndefu. Alhamisi iliyopita alikataa kushuka garini, akaniita mwizi mbele ya watu. Matroni ananiambia wazi kwamba iko siku hata pembe hatazijua. Namwamini. Lakini nimeona nilichokiona, na siwezi tena kusema hakuna mtu mle ndani.

Na siku ile ya kwanza iliishia hivi. Saa kumi nilirudi. Alikuwa amesimama langoni na wafanyakazi wengine wanaotoka zamu, mikono imekunjamana kwa maji, anapiga soga. Nikamfungulia mlango wa gari. Akanitazama kwa makini, muda mrefu, nikaanza kutumaini.

"Wewe ndiye dereva wa kunirudisha?" akauliza.

Nikasema, "Ndiyo, mama, ni mimi."

"Basi endesha polepole," akasema, akijiweka vizuri kitini. "Nimechoka vizuri leo."

Nikaendesha polepole.

Kaka yako